Shimo Jeusi na Setilaiti Iliyoitwa Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani iitwayo Scout iliruka kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa ndani ya Bahari Hindi, karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setilaiti ndogo yenye uzito usiofika kilo 150. Kwenye makaratasi ya NASA chombo hicho kilikuwa na jina kavu tu, SAS-A. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi, akapendekeza kiitwe Uhuru, kwa heshima ya siku yenyewe na ya wenyeji waliowapokea. Jina likashika. Na ni chombo hicho chenye jina la Kiswahili kilichowaelekeza wanasayansi kwenye kitu cha kwanza angani ambacho wengi wao walikuja kukubali kwamba ni shimo jeusi.

Hii stori wengi wetu hatukusimuliwa shuleni. Mimi nimekua nikijua Desemba 12 ni gwaride, ndege za kijeshi na hotuba ndefu kwenye jua kali. Hakuna aliyeniambia kwamba siku hiyo hiyo ina nafasi yake katika historia ya sayansi ya anga. Kwa hivyo nataka kuisimulia hapa, na kwa sababu haieleweki bila kujua shimo jeusi ni nini, tuanzie hapo.

Rusha jiwe juu, litarudi. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaenda mbali zaidi, lakini bado litarudi. Ukiweza kulirusha kwa mwendo wa kilomita 11 hivi kwa sekunde, litaiaga dunia na halitarudi tena. Mwendo huo unategemea mambo mawili: uzito wa kitu unachokikimbia, na udogo wake. Kadiri uzito mwingi unavyobanwa mahali padogo, ndivyo inavyokuwa vigumu kutoroka. Sasa hebu fikiria kitu kilichobanwa mpaka mwendo wa kutoroka upite ule wa mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde. Hakuna kinachokimbia kuliko mwanga. Ikiwa mwanga umeshindwa kutoka, basi hakuna kitakachotoka. Hilo ndilo shimo jeusi. Ili jua letu liwe hivyo, ungelazimika kulibana mpaka libaki na upana wa kilomita 6 tu, chini ya safari ya kutoka katikati ya Nairobi hadi Westlands na kurudi. Dunia yetu nzima ungeibana iwe na upana wa chini ya sentimita 2.

Lakini shimo jeusi si eti mdomo unaozunguka angani ukimeza kila kitu. Jua likigeuka leo kuwa shimo jeusi la uzito ule ule, dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida. Tungekufa kwa baridi na giza, sio kwa kumezwa. Hatari iko kwa anayekaribia sana.

Nani basi anabana kitu namna hiyo? Nyota inajibana yenyewe. Maisha yote ya nyota ni kama mchezo wa kuvuta kamba. Uvutano wake unaivuta kuelekea ndani, na joto la kiini chake, ambamo haidrojeni inaunganishwa kuwa heli, linasukuma kuelekea nje. Maadamu kuna kuni jikoni, pande hizo mbili zinatoshana. Nyota kubwa sana huchoma haidrojeni, kisha heli, kisha vitu vizito zaidi, mpaka kiini kinabaki chuma. Hapo mambo yanaisha, kwa sababu kuunganisha chuma hakutoi nishati. Moto unazimika, kamba inaachiliwa upande mmoja, na kiini kinaporomoka chini ya sekunde moja. Mara nyingi tabaka za nje hulipuka kwa mwanga unaoweza kushinda wa galaksi nzima. Kiini kilichobaki kikiwa na uzito wa wastani, kinasimama kama nyota ya nyutroni, yenye upana wa kama mji mmoja. Kikizidi uzito wa majua mawili au matatu hivi, hakuna nguvu tunayoijua inayoweza kukizuia. Kinaendelea kuporomoka tu.

Haya yote yalijulikana kwenye karatasi muda mrefu kabla mtu hajaamini. Karl Schwarzschild, Mjerumani, alipata hesabu yake ya kwanza kutoka kwa nadharia ya Einstein akiwa mwanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na akafariki mwaka 1916. Mwaka 1930, kijana wa Kihindi wa miaka 19, Subrahmanyan Chandrasekhar, alipanda meli kwenda kusoma Uingereza. Akiwa baharini akapiga hesabu na kugundua kwamba masalia ya nyota yakizidi uzito wa majua 1.4 hivi, hayawezi kutulia kama nyota ndogo nyeupe. Lazima yaendelee kuporomoka. Mnamo Januari 1935 aliwasilisha kazi yake London, na Arthur Eddington, mwanafalaki mwenye jina kubwa kuliko wote Uingereza wakati huo, akasimama na kuifanyia dhihaka mbele ya watu. Alisema lazima kuwe na kanuni inayozuia nyota kufanya upuuzi kama huo. Hakuwa na kanuni hiyo. Alikuwa na cheo.

Kila nikifika hapa kwenye historia hii huwa nasimama kidogo. Kijana kutoka koloni alikuwa na hesabu sahihi, mzee wa ikulu ya sayansi alikuwa na sauti, na ukumbi ukacheka na mzee. Chandrasekhar alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1983, miaka 48 baada ya siku ile. Robert Oppenheimer na Hartland Snyder nao walichapisha hesabu za nyota inayoporomoka kabisa, tarehe 1 Septemba 1939. Siku hiyo Ujerumani ilivamia Poland. Dunia ilikuwa na mambo mengine.

Kilichokosekana ni ushahidi. Utaonaje kitu kisichotoa mwanga? Jibu ni kuangalia wahanga wake. Shimo jeusi likiwa jirani wa karibu wa nyota ya kawaida, hunyonya gesi ya nyota hiyo. Gesi haiingii moja kwa moja. Inazunguka kama maji kwenye tundu la sinki, inasuguana, inapata joto la mamilioni ya nyuzi, na kabla haijapotea inatoa eksirei. Shida ni kwamba angahewa yetu inazuia eksirei kutoka angani, na ni bahati yetu. Ukitaka kuziona, lazima upande juu ya hewa.

Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wakirusha roketi zinazochungulia dakika chache na kuanguka. Walitaka jicho linalokaa juu. Na mahali pazuri pa kulirushia ni karibu na ikweta. Hapa dunia inakuzungusha kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hivyo roketi inayoelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Tena setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inakwepa sehemu kubwa ya mnunurisho unaovuruga vifaa vyake. Waitaliano chini ya Luigi Broglio tayari walikuwa na majukwaa yao huko Ngomeni. Ndio maana Uhuru iliondokea kwetu: jiografia yetu ilikuwa na thamani ambayo pesa za Marekani hazingeweza kujenga nyumbani kwao.

Kati ya vitu ilivyoviangalia ni Cygnus X-1, katika kundi la nyota tunaloliita Dajaja. Roketi ya mwaka 1964 ilishakiona, lakini Uhuru ikaonyesha kwamba eksirei zake zinapepesa ndani ya sehemu ya sekunde. Hilo lina maana kubwa. Fikiria Kasarani imejaa mashabiki. Uwanja wote hauwezi kunyamaza kwa mpigo mmoja, maana habari inahitaji muda kutoka upande huu hadi ule. Kitu kinachobadilika haraka hivyo lazima kiwe kidogo sana. Mwaka 1971, Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakapima nyota kubwa ya bluu iliyo mahali hapo. Inazunguka kila siku 5.6, ikivutwa na mwenzake asiyeonekana. Ukiona mtu anazungushwa gizani, unaweza kukadiria uzito wa anayemshika mkono. Mwenzake huyo alikuwa mzito mno kuwa nyota ya nyutroni. Vipimo vya mwaka 2021 vinasema ana uzito wa majua 21 hivi, umbali wa zaidi ya miaka ya nuru 7,000.

Stephen Hawking mwenyewe aliweka dau na Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali ameshindwa.

Sasa, sisi tulibaki na nini? Uhuru ilinyamaza mwaka 1973. Majukwaa yalirusha setilaiti ya mwisho mwaka 1988. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002, na alistahili. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilipokuwa tayari mwaka 2023, ilirushwa kutoka California. Ikweta bado inapita hapa, lakini safari ilianzia huko. Sisemi hivi kwa uchungu, nasema ili tujue tunachokaa juu yake. Kuwa na mahali pazuri hakutoshi kama hesabu, mitambo na maamuzi viko mikononi mwa wengine. Hata Chandrasekhar, aliyekuwa na hesabu, ilimbidi asubiri.

Lakini kuna kitu kimoja hakikuondoka. Wanafalaki walipoorodhesha vyanzo 339 vya eksirei vilivyoonwa na setilaiti ile, kila kimoja kilipewa namba inayoanza na 4U, yaani orodha ya nne ya Uhuru. Cygnus X-1 ni 4U 1956+35. Vitabu vya falaki, kutoka Tokyo hadi Chile, bado vinatumia alama hizo, na wengi wanaoziandika hawajui U ni ya nini. Wewe sasa unajua. Agosti ikifika, saa tatu usiku, tazama kaskazini kama hakuna mawingu. Shimo lenyewe hutaliona, lakini liko hapo.