Ugali wa Uwele

Mwaka 1975 rafiki yangu wa shule, mtoto wa karani, alifika nyumbani kwetu, kijijini magharibi ya Dodoma, akakuta ugali wa uwele jikoni. Ugali huo una rangi ya majivu. Kwao walikuwa wakila yanga, yale mahindi ya njano ya Marekani tuliyoletewa baada ya ukame wa 1973 na 1974. Kwa kuona haya nikamwambia kuwa ule ni wa mbwa. Bibi alikuwa nyuma ya mlango.

Hakunichapa. Jioni alinikalisha akanisimulia habari za Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920, yeye akiwa msichana mdogo. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka, na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Waingereza walipoingia Dodoma Julai 1916, nao wakachukua. Kisha mvua ikakatika. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 150,000 walikufa 30,000. Nyumbani kwa bibi walishikilia roho kwa ubuyu na mlenda ambao mama yake alikuwa ameukausha. Palikuwa pia na kibuyu kimoja cha mbegu za uwele, ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata siku walipomzika mdogo wake.

Ukubwani nilisoma vitabu vya lishe. Gramu 100 za uwele zina protini gramu 11 hivi. Mahindi yana 9, na sembe, iliyoondolewa kiini na pumba, ina pungufu zaidi. Kwa madini ya chuma, uwele huyazidi mahindi zaidi ya mara mbili. (Ni kweli mwili haukifyonzi chuma hicho chote, ubuyu husaidia, kwa kuwa una vitamini C.) Mlenda nao huleta madini ya chokaa na vitamini A, hasa ukiungwa kwa karanga, maana vitamini hiyo huhitaji mafuta. Tena uwele huzaa kwa mvua ambayo mahindi hunyaukia. Hayo yote bibi hakuyasoma popote.

Alifariki mwaka 1989. Rafiki yangu yule bado tunaonana Dodoma mjini, na mpaka leo sijamwambia kuwa ugali ule ulikuwa wetu.