Safari ya Buluu: Vyombo vya Kazi na Chimbuko la Likizo za Baharini katika Pwani ya Bodrum

Pwani ya kusini-magharibi ya Uturuki, inayoanzia katika rasi ya Bodrum kwenye Bahari ya Aegea na kuzunguka hadi Antalya katika Bahari ya Mediterania, leo inajulikana zaidi kwa likizo za baharini. Wageni hukodi chombo cha mbao pamoja na nahodha na mabaharia wake, wakakaa humo kwa juma moja au zaidi, wakihama kutoka ghuba hadi ghuba, wakitia nanga chini ya magofu ya miji ya kale na kulala papo hapo chomboni. Waturuki huiita likizo ya namna hii Mavi Yolculuk, maana yake Safari ya Buluu. Likizo hiyo hudhaniwa kuwa ni zao la matajiri na kampuni za utalii, lakini historia yake inaonyesha vinginevyo: ilizaliwa katika vyombo vya wavuvi na wapiga mbizi maskini, na karibu kila kilicho chema ndani yake, kuanzia njia zinazofuatwa na umbo la chombo hadi maarifa ya mambo ya kale yaliyozama chini ya maji, ni urithi uliotoka mikononi mwa watu hao.

Ili kuielewa pwani hii ni lazima kwanza kulitazama umbile lake. Milima mirefu inashuka hadi ukingoni mwa bahari, na nchi kavu imekatwakatwa na rasi ndefu, kama ile ya Datça, na ghuba zinazopenya ndani sana, kama ile ya Gökova, huku visiwa vingi vikiwa vimetawanyika mbele yake, baadhi vya Uturuki na vingine vya Ugiriki. Kwa karne nyingi njia za nchi kavu zilikuwa chache na ngumu, kwa hiyo bahari ndiyo iliyokuwa barabara, na jirani wa kweli wa kijiji alikuwa yule aliyefikiwa kwa tanga. Upepo unaotawala majira ya kiangazi huitwa meltem. Huvuma kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi, ukapata nguvu mchana, hasa mwezi wa Julai na Agosti, na mara nyingi ukatulia usiku. Tofauti na kusi na kaskazi, ambazo ziliwavusha mabaharia wa Bahari ya Hindi kutoka bara moja hadi jingine, meltem humlazimu nahodha kwenda hatua kwa hatua: hung'oa nanga alfajiri bahari ikiwa shwari, huizunguka rasi kabla ya upepo kupanda, kisha hutafuta hori lililojificha ambamo chombo kitatulia hadi kesho yake. Mwendo huu wa hatua fupi na maegesho mengi, ambao wasafiri wa leo wanauona kama raha iliyopangwa kwa ajili yao, ulikuwa ni kanuni ya usalama iliyofuatwa tangu zamani za kale.

Miji ya kale yenyewe ilijengwa kwa kuitii kanuni hiyo. Knidos, uliokuwa kwenye ncha ya rasi ya Datça, ulikuwa na bandari mbili, moja kila upande wa shingo nyembamba ya ardhi, ili vyombo vipate hifadhi upepo uvumapo na kungoja wakati mwafaka wa kuizunguka ncha hiyo. Humo ndimo lilimowekwa sanamu la mungu wa kike Aphrodite lililochongwa na Praxiteles katika karne ya 4 KK, ambalo liliwavuta watazamaji kutoka mbali. Halikarnassos, ambao leo ni Bodrum, ulikuwa mahali alipozaliwa mwanahistoria Herodotus na baadaye makao makuu ya mtawala Mausolus wa Karia. Mausolus alipofariki mwaka 353 KK, kaburi lake lilikamilishwa kwa ukubwa na uzuri uliolifanya lihesabiwe miongoni mwa maajabu saba ya ulimwengu wa kale. Kuanzia mwanzo wa karne ya 15, baada ya kaburi hilo kuwa gofu, Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, waliokuwa jeshi la kidini la Wakristo lenye makao katika kisiwa cha Rhodes, waliyachukua mawe yake na kujengea ngome ambayo hadi leo inasimama mlangoni mwa bandari ya Bodrum. Ngome hiyo iliingia mikononi mwa dola ya Osmani katika miaka ya 1520, na karne kadhaa baadaye ikatumika kama gereza na mahali pa uhamisho.

Wakati Bodrum ulipokuwa mji mdogo uliosahauliwa na watawala, riziki ya watu wake ilitoka kwenye uvuvi, kilimo cha matunda, uchukuzi wa mizigo kwa majahazi, na zaidi ya yote kwenye sifongo. Sifongo ni mnyama wa baharini aliyejishika kwenye mwamba, ambaye mwili wake laini ukishasafishwa na kukaushwa hubaki kitu chepesi chenye matundu kinachonyonya maji, na kwa sababu hiyo aliuzwa kote Ulaya kwa matumizi ya kuogea na ya viwandani. Kitovu cha biashara hiyo kilikuwa visiwa vya jirani vya Kalymnos na Symi. Awali mpiga mbizi alishuka uchi akikumbatia jiwe la kumvuta chini, akikaa kwa muda ule tu ambao pumzi yake iliweza kustahimili. Lakini tangu miaka ya 1860 yakaingia mavazi ya kuzamia yenye kofia ya shaba na mpira wa kupitishia hewa, yaliyomwezesha kukaa chini kwa muda mrefu na kwenda kina kirefu zaidi. Faida iliongezeka, na msiba ukaongezeka pamoja nayo, kwa kuwa mtu anayepanda juu upesi kutoka kilindini hupatwa na mapovu ya gesi ndani ya damu na viungo, na watu wengi sana wa visiwa hivyo walikufa au kupooza kabla ya kanuni za kupanda polepole kueleweka na kufuatwa.

Mpaka wa kisiasa uliokuja baadaye uliukata ulimwengu huu vipande viwili. Visiwa vya Dodekanese, ambavyo ndani yake mna Kos, Kalymnos na Symi, vilitwaliwa na Italia mwaka 1912 na kukabidhiwa Ugiriki mwaka 1947. Mkataba wa mwaka 1923 kati ya Ugiriki na Uturuki uliamuru kubadilishana raia kwa kigezo cha dini, na watu zaidi ya milioni moja wakahamishwa makwao: Wakristo wa Kiorthodoksi wa Anatolia walipelekwa Ugiriki, na Waislamu wa Ugiriki wakaletwa Uturuki. Kijiji kizima cha Kayaköy karibu na Fethiye kilibaki magofu ya mawe, nao Waislamu wa Krete, wengi wao wakizungumza Kigiriki, wakafanya maskani Bodrum na kuendelea na kazi za baharini walizozijua. Hivyo wale walioishi pwani hii katika miaka ya 1920 walikuwa jamii iliyojeruhiwa na historia, lakini yenye ujuzi wa bahari uliovuka mipaka ya dini na lugha.

Katika mji huo wa Bodrum ndimo alimopelekwa Cevat Şakir Kabaağaçlı mwaka 1925. Mwandishi huyu, mwana wa familia ya vigogo wa dola ya Osmani aliyesoma Oxford, alishtakiwa mbele ya mahakama maalumu ya Ankara kwa ajili ya hadithi aliyoiandika kuhusu askari watoro walionyongwa, akahukumiwa miaka mitatu ya uhamisho. Nusu ya adhabu aliitumikia Bodrum na nusu iliyobaki Istanbul. Lakini muda ulipokwisha alirudi Bodrum kwa hiari yake mwenyewe, akaishi huko hadi mwaka 1947. Alivua samaki pamoja na wenyeji, akapanda miti ya kigeni mjini, akaandika hadithi za wavuvi na wapiga mbizi, na akajichagulia jina la uandishi la Halikarnas Balıkçısı, yaani Mvuvi wa Halikarnassos. Serikali iliyokusudia kumfungia mbali na dunia ilikuwa, bila kujua, imempeleka kwenye chuo cha maisha yake yote.

Katika miaka ya 1940 Cevat Şakir alianza kuwaalika marafiki zake wa Istanbul na Ankara, miongoni mwao mwanazuoni Sabahattin Eyüboğlu, wasafiri naye katika Ghuba ya Gökova ndani ya mashua za wavuna sifongo. Baadaye akajiunga nao Azra Erhat, mtaalamu wa lugha za kale ambaye, akishirikiana na mshairi A. Kadir, aliifasiri Iliad ya Homer kwa Kituruki. Hapakuwa na vyumba wala vitanda. Walilala juu ya sitaha au ufukweni, wakala samaki waliovuliwa siku hiyo, na akiba yao haikuzidi sana maji, mikate mikavu, jibini, tumbaku na kinywaji. Kwao safari ilikuwa darasa. Walishikilia kwamba ustaarabu wa kale wa Ionia, Karia na Likia haukuwa mali ya Ugiriki ya kisasa peke yake wala chanzo cha Ulaya pekee, bali ulikuwa urithi wa udongo wa Anatolia na wa kila kizazi kilichoishi juu yake, akiwemo mvuvi aliyewashikia usukani. Azra Erhat aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake Mavi Yolculuk cha mwaka 1962, na kwa kitabu hicho jina la safari likaenea nchini kote.

Wapiga mbizi wa sifongo walikuwa na mchango mwingine, ambao ulibadilisha taaluma nzima. Mwaka 1958 mwandishi wa habari wa Marekani Peter Throckmorton alifika Bodrum, akakaa na manahodha wa vyombo vya sifongo na kuwasikiliza wakieleza mahali walipoona mitungi na vyuma chini ya maji. Nahodha Kemal Aras alimweleza juu ya shaba iliyolala karibu na Rasi ya Gelidonya, na mwaka 1960 mwanaakiolojia George Bass akaongoza uchimbaji uliokuwa wa kwanza kukamilishwa kitaalamu na wanaakiolojia waliozama wenyewe hadi kwenye mabaki ya merikebu ya kale. Mwaka 1982 mpiga mbizi mwingine, Mehmet Çakır, alieleza juu ya vipande vya ajabu vya madini vyenye pembe kama masikio, na maelezo yake yakawafikisha wataalamu Uluburun karibu na Kaş, kwenye merikebu iliyozama mwishoni mwa karne ya 14 KK. Uchimbaji uliofanyika kati ya 1984 na 1994 ulitoa takribani tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, uwiano unaofaa kabisa kwa kutengeneza shaba nyeusi ya silaha na zana, pamoja na mikate ya kioo cha buluu, pembe za tembo, meno ya kiboko na maganda ya mayai ya mbuni.

Ndani ya shehena hiyo mlikuwa pia na vigogo vya mbao nyeusi ambavyo wataalamu wamevitambua kuwa ni vya mpingo. Mti huo haukui popote katika nchi zinazoizunguka Mediterania. Makao yake ni nyika za Afrika, na unastawi hata Tanzania, Kenya na Msumbiji, ambako wachongaji wa Kimakonde wameupatia sifa duniani. Inaelekea kwamba vigogo vya Uluburun vilisafiri kupitia Nubia na Misri kabla ya kupakiwa melini. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ushahidi huo una uzito wa pekee, kwani unathibitisha kwamba mazao ya bara lake yalikuwa sehemu ya biashara ya anasa ya bahari hiyo zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Mali hizo sasa zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Akiolojia ya Chini ya Maji, yaliyomo ndani ya ngome ile ile ya Bodrum.

Mabadiliko ya kutoka darasa la wasomi hadi biashara ya utalii yalitokana na sababu kadhaa zilizokutana. Barabara zilipoboreshwa, malori yaliwanyang'anya majahazi mizigo yao. Sifongo za viwandani ziliua soko la zile za asili. Na hivyo mafundi na manahodha wakabaki na ujuzi usio na kazi. Chombo kilichowaokoa kilikuwa gulet, jahazi la milingoti miwili lenye tezi ya mviringo na upana mkubwa, ambalo ngama yake, yaani sehemu ya chini ya kuwekea shehena, iligawanywa ikawa vyumba vya kulala, na sitaha yake pana ikawa mahali pa kulia na kupumzikia. Sheria ya mwaka 1926, iliyoviwekea vyombo vya bendera ya Uturuki haki ya pekee ya kuchukua abiria na mizigo baina ya bandari za nchi hiyo, iliwakinga wenyeji dhidi ya ushindani wa kigeni. Kisha sheria ya kuhimiza utalii ya mwaka 1982, pamoja na viwanja vya ndege vya Dalaman na baadaye Milas, ikawafungulia mlango wageni wa Ulaya. Tangu mwaka 1989 mashindano ya Bodrum Cup yamewahimiza wenye vyombo vya mbao watweke matanga, kwa maana wengi wao walikuwa wameanza kuitegemea injini peke yake.

Mafanikio hayo yana gharama. Hoteli na majumba yamepanda kwenye vilima vilivyokuwa na mizeituni, nanga zinang'oa nyasi za baharini ambamo samaki huzaliana, na moto wa misitu wa mwaka 2021 uliteketeza sehemu kubwa za misonobari karibu na Marmaris na Milas. Serikali ilianza mwaka 1988 kutangaza maeneo ya hifadhi maalumu, yakiwemo Gökova, Fethiye pamoja na Göcek, na Dalyan ambako kasa hutaga mayai, na mwaka 1990 ikaongeza Kekova, ambako nyumba za mji wa kale zilizozama kwa mitetemeko ya ardhi huonekana chini ya maji maangavu. Hifadhi hizo ni za lazima, lakini zinalinda mahali kuliko maarifa. Karakana za mbao ambamo fundi huunda jahazi kuanzia mkuku hadi mlingoti kwa kipimo cha macho na mkono, na kumbukumbu ya manahodha wanaojua kila hori kwa jina na tabia, zinastahili kuhesabiwa kuwa urithi sawa na nguzo za marumaru za Knidos, kwa sababu bila watu hao Uluburun ungebaki rundo la mabaki yasiyojulikana na Safari ya Buluu isingekuwapo kabisa. Utalii unaolipa fadhila hiyo ni ule unaomlipa fundi na nahodha ujira unaowawezesha kuwafundisha vijana wao kazi, na unaomtaka msafiri asome pwani anayoipita kama Cevat Şakir na wenzake walivyoisoma, wakiwa wageni ndani ya chombo cha mtu aliyekuwa mwalimu wao.