Duka Lililotia Nanga

William Russell Grace alizaliwa Ireland mwaka 1832. Angali mvulana alitoroka kwao, akapanda meli hadi New York, akabangaiza huko kisha akarudi. Mwaka 1851 baba yake alifunga safari ya Callao, Peru, pamoja na watu wa kwao waliokimbia njaa ya viazi, wakalime mashambani. Kilimo hakikuwafaa, na mzee akarejea. Kijana akabaki, akaajiriwa na akina Bryce, wafanyabiashara waliouzia meli mahitaji yake.

Kusini ya Callao kuna visiwa vya Chincha. Mvua ni nadra sana huko, kwa hiyo kinyesi cha ndege kilikuwa kimerundikana karne kwa karne kama vilima, na wakulima wa Ulaya na Marekani walikigombania kwa mbolea. Meli zilipanga foleni wiki nyingi, hata miezi, zikingoja kupakia. Nahodha akiishiwa kamba au nyama ya chumvi, ilimbidi arudi hadi Callao. Grace aliliona hilo. Akatafuta meli, akaijaza kamba, matanga, lami na vyakula, akaitia nanga palepale visiwani. Mwenye haja alishusha mashua tu, akapiga makasia hadi dukani. Kwa akili hiyo kijana wa kuajiriwa akawa mshirika, na jina lake likaingia kwenye jina la kampuni.

Lakini utajiri wa Chincha una machozi ndani yake. Waliochimba ile mbolea, vumbi kali likiwachoma macho na mapafu, wengi wao walikuwa vibarua walioletwa kutoka China kwa mikataba ya dhuluma, na baadhi yao walijiua. Historia ya Grace isisimuliwe bila wao.

Alimwoa Lillius Gilchrest, binti wa watu wa meli wa Maine, na katikati ya miaka ya 1860 wakahamia New York. Kampuni ya W. R. Grace ikakua huko. Mwaka 1880 njaa iliporudi Ireland, alitoa robo ya shehena ya chakula iliyopelekwa na meli Constellation.

Mwaka huohuo akagombea umeya. Wapinzani walivumisha kwamba Mkatoliki angezitia shule za umma mikononi mwa Papa. Alishinda kwa kura kama 3,000 tu, akawa meya wa kwanza Mkatoliki wa jiji hilo. Mwaka 1884 alishinda tena, safari hii akimwangusha mgombea wa Tammany Hall, genge la siasa lililozoea kugawana vyeo vya jiji kama nyama ya mnada. Juni 1885, Sanamu ya Uhuru ilipofika kutoka Ufaransa vipandevipande ndani ya makasha, meya aliyekuwa madarakani alikuwa mhamiaji.

Mwaka 1897 alianzisha Grace Institute, wanawake wajifunze ushonaji, upishi na kazi za ofisini bila ada wala kuulizwa dini. Alifariki Machi 1904. Shule ikaendelea kufundisha.