Trekta za Ceausescu

Ndugu zangu, hebu tuanze na swali la kijiweni. Umemkopesha jamaa, miaka imepita, halipi, na wewe umechoka kumfuatafuata. Je, unaweza kumuuzia mtu baki lile deni, yeye akaenda kumdai jamaa yako kama vile ndiye aliyemkopesha? Mtaani utachekwa. Kwa wanasheria wa London na New York jibu ni ndiyo, tena bila kigugumizi. Deni ni mali. Linauzwa kama mbuzi, na bei yake ni maelewano.

Yaliyowakuta majirani zetu wa Zambia ndiyo yaliyonifanya nilielewe jambo hili. Wengi tulilisikia mwaka 2007 kama habari ya siku moja, na kulipopambazuka gazeti likawa la kufungia maandazi. Lakini mzizi wake uko mwaka 1979.

Mwaka huo Romania iliikopesha Zambia dola za Marekani milioni 15 ili inunue trekta na magari yaliyotengenezwa Romania kwenyewe. Zambia ya Mzee Kaunda ilikuwa taabani. Karibu fedha zake zote za kigeni zilitokana na shaba, na bei ya shaba ilikuwa imeporomoka mwaka 1975. Mafuta yalipanda bei mwaka 1973, yakapanda tena 1979. Mpaka wake na Rhodesia ulifungwa mwaka 1973, na ndiyo maana reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa kama mshipa wa damu kwao. Katika hali hiyo, rafiki anayekuja na trekta za mkopo humwulizi maswali mengi. Na Nicolae Ceausescu alijitahidi sana kuwa rafiki. Mwaka 1972 alizunguka Afrika, akapita Zambia na hapa kwetu Tanzania pia.

Kinachoshangaza ni kwamba Ceausescu mwenyewe alikuwa mdaiwa. Romania ilikopa sana nchi za Magharibi katika miaka ya 1970, na miaka ya 1980 akaamua kulipa kila senti kwa nguvu. Vyakula vikasafirishwa nje wakati wananchi wake wanapanga foleni za mkate, na majumba yakakaa baridi wakati wa kipupwe. Mwaka 1989 alitangaza deni limekwisha. Desemba 25 ya mwaka huohuo akapigwa risasi yeye na mkewe. Kumbe katika mafaili ya Bucharest bado kulikuwa na karatasi ya trekta za Zambia, na riba yake ilikuwa ikizaa wajukuu.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 deni lilikuwa limefika kama dola milioni 30. Romania mpya haikuwa na hamu ya kumbukumbu za ujamaa, ilitaka fedha taslimu. Ilikuwa ikizungumza na Zambia namna ya kulimaliza deni kwa bei ya chini, lakini Januari 1999 ikaliuza kwa Donegal International, kampuni iliyosajiliwa katika visiwa vya British Virgin. Bei? Zaidi kidogo ya dola milioni 3. Yaani senti kumi na moja hivi kwa kila dola.

Kampuni za namna hii huitwa tumbusi, yule ndege anayesubiri mzoga. Mimi nadhani jina hilo limekosewa, na kosa lenyewe linaficha biashara yote. Tumbusi anataka mnyama afe. Mnunuzi wa deni anataka mgonjwa apone. Zambia iliyofilisika haina cha kumpa mtu. Lakini mwaka 1999 kila mwenye masikio alijua kwamba Benki ya Dunia, IMF na serikali za nchi tajiri zilikuwa zinajiandaa kufuta madeni ya nchi maskini kupitia ule mpango wa HIPC, ambao sisi tuliukamilisha Novemba 2001. Mpango ule ulitegemea wakopeshaji wote wakubali kusamehe, ila haukuwa na nguvu ya kumlazimisha mkopeshaji binafsi. Sasa piga hesabu. Wadai wakubwa wakisamehe, mfuko wa mdaiwa unapata kitu, na yule mmoja aliyekataa kusamehe anakuta kuna cha kuchukua. Karatasi iliyonunuliwa kwa senti kumi na moja inapanda thamani kwa huruma ya watu wengine.

Ndivyo ilivyotokea. Zambia ilimaliza masharti ya HIPC Aprili 2005, na kufikia mwaka 2006 deni lake la nje la zaidi ya dola bilioni 7 lilikuwa limeshuka chini ya bilioni moja. Aprili 2006 ikafuta ada za matibabu vijijini. Donegal nayo ilikuwa mahakamani London, ikidai kiasi cha dola milioni 55.

Hapa ndipo wanaharakati wengi huruka ukurasa, nami sitauruka. Mwaka 2003 serikali ya Zambia ilitia saini makubaliano na Donegal. Ilikubali kulipa karibu dola milioni 15 kwa awamu, ikakubali mahakama za Uingereza, na ikaiacha kinga yake ya kidola. Ikalipa awamu chache, ikaacha. Mpaka siku ile mawakili wangeweza kubishana kuhusu karatasi kuukuu ya Kikomunisti. Baada ya saini, kilichokuwa mezani ni mkataba mpya kabisa, wenye saini mbichi ya mdaiwa mwenyewe. Katika kesi nzima sioni kosa lililoigharimu Zambia kuliko hilo, na halikufanywa Bucharest wala Washington.

Februari 2007 Jaji Andrew Smith aliwakosoa mashahidi wa Donegal kwa kukwepa maswali, lakini akasema makubaliano yale yanasimama. Aprili akaamuru Zambia ilipe kama dola milioni 15.5. Haikuwa 55, lakini kwa mtu aliyetoa milioni 3 si haba. Na katika kioja ambacho mwandishi wa riwaya angeogopa kukitunga, mwezi uliofuata, mahakama hiyohiyo ya London, Jaji Smith mwingine, huyu Peter, aliamua katika kesi ya madai kwamba rais mstaafu Frederick Chiluba na wenzake walikula njama ya kuiibia Zambia dola milioni 46. (Chiluba alikanusha, na mwaka 2009 mahakama ya Lusaka ilimwachia huru katika kesi ya jinai.)

Novemba 2009 ikawa zamu ya Liberia, iliyoamriwa na mahakama ya London kulipa zaidi ya dola milioni 20 kwa mkopo wa benki wa mwaka 1978, mkopo uliokuwa wa dola milioni 6.5. Safari hii wabunge wa Uingereza waliona aibu. Aprili 2010 wakapitisha sheria inayomzuia mnunuzi wa deni la nchi ya HIPC kupata mahakamani zaidi ya kiwango ambacho wadai wengine walikubali kupokea. Mwaka huohuo wadai wa Liberia walikubali karibu asilimia 3 ya walichokuwa wanadai.

Sheria ile inahusu madeni ya zamani tu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2012, Zambia iliingia soko la dunia kuuza hati za mkopo za dola milioni 750, wanunuzi wakagombania. Ikarudi mwaka 2014, ikarudi tena 2015, jumla ikafika dola bilioni 3. Novemba 2020 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5. Mazungumzo na wenye hati hizo yalichukua hadi Juni 2024, na kwa miaka yote hiyo zilikuwa zinauzwa na kununuliwa kwa bei pungufu, bila kumwomba ruhusa mtu yeyote Lusaka.