Kufutwa kazi ya teknolojia na kugeukia uundaji wa programu

Si kila atumiaye kompyuta kazini ajuaye kuiundia programu. Tofauti hiyo hudhihirika kampuni za teknolojia zinapopunguza wafanyakazi, na vijana waliotoka sehemu kama Kikima, mji ulio katika vilima vya Mbooni, Kaunti ya Makueni, wanapolazimika kuamua iwapo watatafuta kazi ile ile au watajifunza nyingine.

Mfano unaojulikana zaidi nchini ni wa Januari 2023, kampuni ya Sama jijini Nairobi ilipotangaza kuacha kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook. Wafanyakazi wapatao 260 waliathirika. Wengi wa waliokuwa wakifanya kazi hiyo walifika mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa nchini Kenya.

Anayepunguzwa kazini ana haki zake. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 kinamtaka mwajiri kutoa notisi ya mwezi mmoja au zaidi, kumjulisha afisa wa leba, kulipa siku za likizo ambazo hazijachukuliwa, na kulipa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliokamilika kazini. Aliyetumikia miaka minne basi hupata angalau mshahara wa siku 60.

Kiasi hicho huisha upesi Nairobi, ilhali kujifunza kuunda programu hadi kufikia kiwango cha kuajiriwa huchukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi ya mwaka. Ndiyo sababu kurejea nyumbani Kikima kusichukuliwe kuwa aibu. Asiyelipa kodi ya nyumba huweza kuzinyoosha fedha zile zile kwa muda mrefu zaidi.

Gharama ya masomo si kizuizi kikubwa. Lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1991, hupatikana bila malipo, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti ili kufanya kazi. Somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard pia linaweza kufuatwa bure mtandaoni. Kwa wanaotaka shahada, Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa mwaka wa 2023 na chenye makao yake Konza, hufundisha kwa mtandao.

Hata hivyo, uundaji wa programu nao si kinga dhidi ya kufutwa. Septemba 2019, kampuni ya Andela iliwaachisha kazi waundaji programu chipukizi 250 nchini Nigeria na Uganda, na wengine 170 nchini Kenya wakawa hatarini. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walihitaji wenye tajriba zaidi. Tangu wakati huo, akili bandia imeanza kuandika msimbo mwepesi ambao hapo awali ulikuwa kazi ya wanagenzi.

Funzo ni kwamba cheti cha miezi michache hakitoshi. Mwajiri hutaka kuona kazi iliyokamilika na inayotumika. Kwa mkazi wa Mbooni, kazi hiyo yaweza kuwa programu ya kuweka hesabu za chama cha akiba, au ya kunakili kilo za maembe ambazo mkulima amempa mnunuzi na kupokea malipo kupitia M-Pesa. Safaricom imewawekea waundaji programu mfumo uitwao Daraja kwa ajili ya malipo ya aina hiyo.

Aliyewahi kuchuja maudhui au kuainisha data haanzi patupu. Amezoea umakini, kufuata kanuni na kugundua makosa, na sehemu kubwa ya siku ya muundaji programu hutumika kutafuta kosa lililojificha. Linalosalia ni kuijua lugha ya kompyuta, na hilo huhitaji mazoezi ya kila siku.