Mlima Mzima Ndani ya Kata

Mbege haisafiri. Ikiiva leo Marangu, leo ni tamu, kesho imepata ukali, na keshokutwa anayeinywa huinywa kwa kukosa nyingine. Haikai kwenye rafu ya duka wala haiwezi kungoja basi la Dar es Salaam. Anayetaka kuijua hana budi kupanda Kilimanjaro, si hadi kileleni kwenye mita 5,895, bali hadi kwenye migomba, wanakoishi watu. Nilipanda kwa ajili hiyo, na niliteremka nikiamini kwamba historia ya mteremko ule imehifadhiwa vizuri mno ndani ya kibuyu kilichokatwa, kile wanachokiita kata.

Tuanze na jina. Kwa Wachaga, mbege ni ulezi wenyewe, na pombe imeitwa kwa jina la nafaka yake. Lakini anayeitazama ikipikwa huona ndizi kwanza: mikungu kwa mikungu, imeivishwa hadi maganda yameanza kuwa meusi. Mazao hayo mawili hayakuwa na makao mamoja. Migomba ni ya kihamba, shamba la nyumbani kwenye ukanda wa kati wa mlima, ambako mvua ni nyingi na ardhi hurithiwa toka kwa baba kwenda kwa mwana. Ulezi ulilimwa zaidi kwenye mashamba ya chini, kunakoelekea nyika, na huko jua ni kali na mvua haiaminiki. Ili ndizi na ulezi vikutane kwenye chungu kimoja, ilibidi maji yateremshwe.

Maji hayo yaliteremshwa kwa mfongo. Mifongo ni mifereji iliyochongwa kwa mikono ubavuni mwa mlima, ikichukua maji ya mito inayotoka msituni na kuyapitisha juu ya mabonde na kando ya miamba hadi mashambani. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya kilele cha Kibo tarehe 11 Mei 1848 akiwa njiani, alipofika Kilema alikuta jamii iliyokwisha kujua kazi hiyo zamani. Ukoo uliochimba mfongo ndio uliokuwa na sauti juu yake. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji, na kila mwenye zamu alikuwa na wajibu wa kwenda kuuzibua na kuutengeneza ulipobomoka. Kazi ya pamoja ilifuatwa na pombe ya pamoja, na aliyekwepa kazi alitozwa. Kwa hiyo mfongo ulimwagilia ulezi, ulezi ukawa mbege, na mbege ikawarudisha watu kwenye mfongo msimu uliofuata.

Upishi wenyewe ni kazi ya siku nyingi, na kwa kiasi kikubwa ni kazi ya akina mama. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, kisha huachwa zipoe na kuchachuka kwa siku kadhaa. Huku nyuma ulezi hulowekwa, hufunikwa uchipue, huanikwa na kusagwa. Kimea hicho hupikwa uji. Hapo ndipo linapoingia gamba la msesewe, mti wenye uchungu ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra. Msesewe hufanya kazi ambayo katika bia za Ulaya hufanywa na maua ya hopsi: hukata utamu na kuipa pombe uti wa mgongo. Ukizidi, pombe yote imeharibika, na hakuna kipimo kilichoandikwa popote. Mama hupima kwa ulimi na kwa kumbukumbu ya mama yake. Mwisho maji ya ndizi huchujwa, huchanganywa na uji, na mchanganyiko hulala usiku mmoja. Asubuhi povu limepanda, na chembe za ulezi zinaelea juu.

Ndani ya kata hiyo, basi, kuna kihamba, kuna mashamba ya chini, kuna gamba la mti, na kuna maji yaliyotoka msituni yakapita kwenye mikono ya ukoo mzima. Sijui kinywaji kingine kinachoichora nchi yake namna hiyo.

Lakini mbege ilikuwa pia sheria. Kabla ya utawala wa Wajerumani, mteremko huu ulikuwa umegawanyika kati ya wamangi, yaani watawala, wengi: wa Machame, Kibosho, Moshi, Kilema, Marangu, Rombo na kwingineko. Wengine walipigana kwa miaka, kama Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho. Mangi alikuwa na sehemu yake katika pombe ya watu wake. Mashauri ya mipaka, ya mahari na ya matusi yalimalizwa kwa wahusika kunywa pamoja, kwa sababu ni vigumu kuendelea kumwita mtu adui baada ya kupokea kata kutoka mkononi mwake. Aliyekosa alikwenda na jani la sale, mmea uleule unaopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, akaomba msamaha, na mbege ikatia muhuri. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri aliyeishi Moshi ya zamani kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1926 kitabu kinene juu ya sheria za Wachaga. Kwa wazee, sehemu kubwa ya sheria hizo ilikuwa ikisomwa mezani, au tuseme kwenye viti vya miguu mitatu, kibuyu kikizunguka.

Utawala wa kigeni uliwavunja nguvu wamangi waliokataa kutii. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900. Kisha likaja zao jipya. Kahawa iliingia kihambani ikapandwa chini ya migomba ileile, na wakulima wakajipanga kuiuza wenyewe: chama chao cha kwanza kiliundwa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikafuata mwaka 1933. Fedha ya kahawa ilijenga shule na nyumba za bati. Ilibadili pia njia ya mbege. Pombe iliyokuwa ya kazi, ya kesi na ya posa ikawa pia bidhaa, na mwanamke mwenye mkono mzuri akapata kipato kisichongoja msimu wa kahawa. Kilabu kikazaliwa. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ikaweka leseni na saa za kuuza, na serikali ikachukua kiti ambacho zamani kilikaliwa na mangi.

Leo Moshi mjini kuna kiwanda cha bia cha Serengeti, na jina la mlima lenyewe limo kwenye chupa ya bia inayouzwa nchi nzima. Hata hivyo posa haipelekwi kwa kreti peke yake. Desemba, mabasi yanaporudisha watoto wa mlima nyumbani kwa Krismasi, ndipo mapipa yanapojaa.

Ukitaka kuionja, Marangu na Materuni zimezoea wageni, na wenyeji hawaoni ajabu ukiuliza. Msalimie mzee kwanza. Ukimwita Meku umempa heshima yake. Aliyepika huonja mbele yako, na maana yake ni kwamba hakuna ubaya ndani. Pokea kwa mikono miwili, kunywa taratibu, na usisahau kwamba una tumbo tupu. Utamu wa ndizi huficha nguvu, na ipo familia inayojua vizuri gharama ya baba anayeanza kunywa asubuhi. Anayeipenda mbege hana sababu ya kulificha hilo.

Muulize mama ulezi wake umetoka wapi. Siku hizi mara nyingi atakuambia sokoni, na umeletwa kutoka mikoa mingine. Vihamba vimegawanywa vikawa vidogo, mifongo mingine imekauka, na vijana wako mjini. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kijiji cha Shimbwe Juu na kilimo chake cha kihamba kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Heshima hiyo ni njema, lakini cheti hakizibui mfereji. Kinachozibua mfereji ni watu wenye sababu ya kukutana pale na majembe yao, na kwa karne nyingi sababu mojawapo ilikuwa pombe iliyokuwa ikiwangoja nyumbani.

Nilipoaga, mama alinijazia chupa ya plastiki, kisha akanionya nisiifunge sana maana itapasuka. Nilipofika Himo kizibo kilikuwa kinasukuma, na ladha haikuwa ile ya asubuhi. Nilimwaga iliyobaki chini ya mti kando ya barabara. Ile ya asubuhi ilikuwa imebaki mlimani.