Kioo Kinapohama Ndani ya Jicho

"Mtoto wa jicho amerudi." Ndivyo wasemavyo wazee wengi wa Dar es Salaam, Mbagala hata Tandale, jicho lililopasuliwa zamani linapoanza tena kuona ukungu. Ukweli ni kwamba harudi, kwa kuwa lenzi iliyochafuka ilikwisha kutolewa. Mara nyingi ni utando ulioota nyuma ya lenzi ya bandia, nao husafishwa kwa leza. Mara chache ni lenzi yenyewe iliyohama, na tatizo hilo lina umri sawa na lenzi za bandia.

Lenzi ya kwanza iliwekwa na Daktari Harold Ridley katika Hospitali ya St Thomas', London, tarehe 29 Novemba 1949. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aligundua kuwa vipande vya plastiki ya vioo vya ndege, vilivyowaingia marubani machoni, vilikaa humo bila kuleta uvimbe. Akachonga lenzi kwa plastiki hiyohiyo. Ilikuwa nzito, haina vimkono vya kujishikiza, na kwa baadhi ya wagonjwa ilitumbukia nyuma kwenye ute wa jicho. Wakubwa wa fani walimpinga kwa miaka mingi. Naona walikosea: kuanguka kwa lenzi kulikuwa swali la namna ya kuishikiza tu.

Na swali hilo limehangaisha vizazi. Mwaka 1958 Mholanzi Cornelius Binkhorst aliining'iniza lenzi kwenye kiwambo chenye rangi kinachozunguka mboni. Baadaye ikakaa ndani ya mfuko wa lenzi ya asili, na hapo ndipo inapowekwa hadi leo. Mfuko ukichanika au nyuzi zake zikilegea, kwa uzee au kwa kugongwa, lenzi huteleza. Madaktari wakaishona kwenye ukuta mweupe wa jicho, lakini uzi huweza kukatika baada ya miaka. Mwaka 2017 Mjapani Shin Yamane alichapisha njia isiyohitaji uzi: vimkono hupitishwa ukutani kwa sindano mbili nyembamba, kisha ncha huchomwa kidogo zivimbe kama kichwa cha msumari.

Hapa Dar es Salaam, Kinondoni ina hospitali ya CCBRT, Msasani, inayotibu macho. Ewe uliyewekewa lenzi, ukianza ghafla kuona vitu viwiliviwili, ukingo wa lenzi au vimulimuli, usinunue dawa ya matone dukani. Nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.